Naomba ushauri: majani ya bondeni yanaoza kila masika

Habari zenu wafugaji wenzangu. Niko Muheza, nafuga ng'ombe wa maziwa bandani. Mabingobingo (majani marefu ya kulishia ng'ombe) ya kwenye mteremko yananawiri, ila ya bondeni, masika maji yakituama, yanageuka manjano na kudumaa; ukivuta shina linang'oka na mizizi myeusi inayonuka. Nimechimba mifereji, nimeongeza samadi, wapi! Lukina, ule mti wa malisho, nayo imekufa palepale. Desmodiamu, mkunde wa malisho, imegoma hata pakavu, nadhani joto la huku chini haliipendi. Jirani anasema ni ugonjwa wa kudumaa, lakini mizizi ile inanitia shaka.

Sasa, kwa maji yaliyotuama nipande nyasi ya setaria au ya brakiaria aina ya humidikola? Na mkunde gani utapatana nayo, sentrosema itahimili? Mwenye vipando karibu na Tanga aseme, nitavifuata mwenyewe.