Kiwanja cha mtaa kimepigwa bikoni, kaunti inaweza kukiuza kweli?

MamaWawili
Salaam wandugu. Mtaani kwetu kuna kiwanja ndio hicho hicho tu, watoto wanachezea hapo, harusi hapo, matanga hapo. Juzi wamekuja watu na savea, yaani mpimaji wa ardhi, wakapiga bikoni nne, zile alama za mipaka, tukauliza tukaambiwa kuna tajiri ameshauziwa, ana barua ya ugawaji. Na kwenye ramani tuliyoonyeshwa tukinunua nyumba pameandikwa eneo la wazi kabisa. Hii inaruhusiwa? Na akishapata hati ya kumiliki ndio basi tena?

Mzee_Likoni
Dada hati sio mwisho wa maneno siku hizi. Tafuta kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Aprili 2023. Ile plot ya Nyali ilikuwa na hati tangu 1989 na mwenyewe wa kwanza kuandikishwa alikuwa Rais Moi, ikauzwa mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa Dina, lakini mahakama ikasema hiyo ilitengwa kama eneo la wazi tangu shamba lilipokatwa, kwa hiyo ni mali ya umma na haikuwepo ya kugawiwa mtu. Kama mzizi wa hati umeoza hata ununue kwa nia safi kifungu cha 40 cha katiba, kile cha haki ya kumiliki mali, hakikulindi. Na huyo wenu hana hata hati, ana barua tu! Mwaka huo huo kwenye kesi ya Torino mahakama ikasema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu ardhi.

Otis_plan
Sawa lakini tusimdanganye dada kwamba kiwanja hakiguswi milele. Matumizi ya ardhi yanaweza kubadilishwa, kuna sheria ya mipango ya 2019, ila lazima tangazo litolewe na watu wapewe nafasi ya kupinga. Hata hivyo kubadilisha matumizi sio kuuza. Kifungu cha 62 cha katiba kinasema kaunti imeshikilia tu kwa niaba ya wakazi, na kugawa ni kazi ya Tume ya Taifa ya Ardhi kwa idhini ya kaunti, sio afisa mmoja kukaa ofisini akaandika barua. Kwa hiyo ulizeni kwa maandishi, tangazo liko wapi, tume ilipitisha lini.

BintiPwani
Na msisubiri ukuta usimame, ukuta ukishasimama kesi inakaa miaka na watoto wanakua bila pa kuchezea. Nendeni ofisi ya mipango mchukue ramani ya ukataji wa viwanja iliyopitishwa yenye muhuri, maana mwenye shamba akikata plot hutakiwa kuachia kaunti sehemu ya barabara na huduma za umma, hiyo karatasi ndio silaha yenu kubwa kuliko maandamano. Fanyeni na sachi, yaani mkaangalie kwenye rejista ya ardhi hiyo namba ya kiwanja imeandikwa jina la nani. Kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi mkaombe agizo la kusimamisha kila kitu.

Msikubali kuambiwa haiwahusu. Mwaka 1989 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipokwenda kortini kuzuia jengo la ghorofa 60 pale bustani ya Uhuru Park Nairobi kesi ilitupwa, wakasema hana haki ya kushtaki, jengo likaja kukwama kwa kelele zake na wafadhili kujitoa. Leo kifungu cha 70 cha katiba kinampa mtu yeyote ruhusa kwenda kortini kwa ajili ya mazingira bila kuonyesha yeye mwenyewe amepoteza nini. Mama mmoja wa mtaa anatosha.

MamaWawili
Asanteni sana jamani. Ile ramani jirani yangu anayo ya zamani ila haina muhuri, kesho tunaenda watu sita ofisi ya mipango kuomba yenye muhuri, na bikoni nimezipiga picha zote nne.

Mzee_Likoni
Vizuri. Msizing'oe lakini, kung'oa bikoni ni kosa, mtageuzwa washtakiwa nyinyi.