Kompyuta ya michezo inazimika nikicheza

Wa Katindo, Goma: Wakubwa, naomba msaada. Nikianza kucheza mpira, dakika kumi hazipiti, mashine inazimika pa! Nikiandika kazi ya chuo inakaa siku nzima. Windows inaonyesha Kernel-Power 41. Nimeiweka upya mara mbili, bure. Nilikusanya pesa miaka miwili, inaniuma sana.

Wa Himbi: Pole ndugu. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika ghafla, sababu haitaji. Achana na Windows, fungua ubavu. Vumbi letu la mawe ya volkano ni jeusi, linaziba feni. Kwangu lilitoka kama unga wa makaa. Tumia brashi laini, na ushike feni isizunguke. Kisha pima joto: prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 inapunguza kasi, na joto likizidi kupanda inajizima ili isiungue.

Wa Birere: Yaya, saplai yako, kile kisanduku kinacholeta umeme ndani ya mashine, ni wati ngapi? Kadi ya picha ikivuta sana, saplai dhaifu inakata. Na moto (umeme) wa jioni unashuka, jaribu pia mchana.

Wa Katindo: Nimefungua. Feni ya prosesa ilizunguka kwa shida, vumbi limeshikana kama sufu. Joto limetoka 98 hadi 71, nimecheza saa mbili nzima! Asanteni sana. Saplai ni wati 450, nitaibadilisha nikipata.