Lee-Enfield No. 4 ya Long Branch 1943, kichwa cha bolti namba 3: nikague nini kabla ya kulipa?

mtutu303:
Habari wakuu. Kuna bunduki ya Lee-Enfield No. 4 Mk I* iliyotengenezwa Long Branch, Toronto, mwaka 1943 (wadau wa Kenya mnaijua kama "Mark 4"). Inauzwa hapa Ontario na leseni ya PAL (ya Kanada ya kumiliki bunduki) ipo tayari. Muuzaji anasema namba zote zinalingana. Kichwa cha bolti (kipande cha mbele cha komeo linalofunga risasi) kimegongwa 3, na ndani ya mtutu kuna mifereji miwili (ya kuzungusha risasi) badala ya mitano. Je, hiyo 3 ina maana imechakaa? Mifereji miwili ni kasoro? Na nikague wapi zaidi? Naitaka ya kuhifadhi, ila pia ya kulenga shabaha mara chache.

Fundi_Kitako:
Mkuu, mifereji miwili si kasoro hata kidogo. Wakati wa vita Long Branch na Savage (kiwanda cha Marekani) walipunguza mifereji ili mitutu itoke kiwandani haraka, na inapiga vizuri tu. Kwako ni nafuu pia: ukisukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu ili upate kipimo, cha mifereji miwili unakipima kwa maikromita ya kawaida. Cha mitano kinasumbua kwa sababu hakuna mifereji inayotazamana. Ukikuta mtutu umepanuka, tafuta risasi za inchi .312 zenye kitako bapa. Zile zenye kitako kilichochongoka hazizibi vizuri kwenye mtutu mpana.

Sasa namba 3. Vichwa vya No. 4 vilitoka kwa saizi nne, 0 hadi 3, kila saizi ikizidi iliyotangulia kwa takriban .003 ya inchi. Kazi yake ni kurekebisha pengo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Ganda la .303 lina ukingo, na pengo hupimwa kwenye ukingo huo. Kipimo cha jeshi: ukiweka geji (kipande cha kupimia) ya inchi .064 bolti ifunge, ya .074 isifunge. Funga kwa ncha ya kidole, usilazimishe, maana mkono wa bolti una nguvu ya kukudanganya.

Geji074:
Niongeze kwa Fundi hapo. Vichwa hivyo vilikuwa na tofauti za kiwandani, kwa hiyo 2 ndefu na 3 fupi zinaweza kukaribiana sana. Namba peke yake haitoshi kuhukumu, pima. Bunduki yenye 3 inayokataa .074 ni nzima. Tatizo ni yenye 3 inayoikubali .074: saizi ya 4 haipo, kwa hiyo umeishiwa njia rahisi. Hapo bolti au bodi (chuma kikuu kinachobeba bolti) imelika, na dawa ni fundi kulinganisha bolti nyingine.

Nasema kulinganisha, si kubadilisha. Bolti ina masikio mawili nyuma na yote yanatakiwa kuegemea bodi kwa pamoja. Ukichomeka bolti ya bunduki nyingine, mara nyingi sikio moja ndilo linabeba mzigo wote, na risasi zinaanza kutawanyika hata kama geji imepita. Ndiyo maana namba ya bolti ina uzito kuliko namba ya kitu kingine chochote.

Halafu mkuu, hiyo nyota kwenye Mk I* ndiyo yenye ugonjwa wake. Mk I ina kitufe cha kuachia kichwa cha bolti. Mk I* wamekitoa, wakakata pengo dogo kwenye reli ya kulia, karibu na mbele. Kingo za pengo hilo humeguka. Fungua bolti, ivute nyuma na mbele kwa nguvu mara kumi. Kichwa kikiruka juu chenyewe, reli imemeguka, achana nayo. Marekebisho yake ni kulehemu na kuchonga upya, kazi ya gharama inayoharibu thamani.

mwana_makumbusho:
Namba: ya kwanza iko kushoto kwenye soketi ya kitako (chuma kinachoshika mbao ya kitako), ya Long Branch ina herufi L katikati. Ya bolti iko nyuma ya shina la mkono. Ya tatu iko chini ya mbao ya mbele, karibu na ncha. Tazama maumbo ya tarakimu. Tarakimu zenye kingo kali juu ya chuma kilichosuguliwa ni ishara kwamba mtu amezigonga juzi.

Mbao ndizo zinazosahaulika. Shika mtutu karibu na mdomo, uinue kutoka kwenye mbao. Mtutu unatakiwa ukatae kuinuka hadi uweke nguvu ya kilo 1 hadi 3, kisha urudi mahali pake. Ukiinuka bure, mbao imesinyaa au imekaa vibaya, na shabaha itahama kadiri mtutu unavyopata joto. Kwenye Mk I na Mk I* kifyatulio kimetundikwa kwenye kinga ya kifyatulio, si kwenye bodi. Mbao ikisinyaa, hatua mbili za kifyatulio zinavurugika. Hili lilirekebishwa kwenye Mk 2 mwaka 1949.

Pima pia urefu wa mtutu: milimita 640. Wawindaji walizikata nyingi, baadaye watu wakazirudishia mbao. Mtutu uliokatwa hauna vishikio vya singe mdomoni.

Na tafadhali, ukishainunua usiipige msasa. Mihuri ya wakaguzi iko kwenye mbao, ukiisugua hairudi. Paka mafuta ya kitani mabichi kidogo kidogo kwa kiganja.

mtutu303:
Shukrani sana. Wana pia No. 4 "T" (ya mdunguzi) ya kiwanda cha BSA yenye darubini, bei mara kadhaa ya hii. Inafaa?

Geji074:
Hapo nenda polepole, za kughushi ni nyingi. Mafundi bunduki wa Holland & Holland walibadilisha zaidi ya 20,000 kuwa T, na alama yao S51 iko chini ya shingo ya kitako. Tafuta TR kushoto kwenye soketi na T kwenye bodi. Namba ya darubini imegongwa juu ya shingo ya kitako, na namba ya bunduki iko kwenye kishikizo cha darubini. Kilengeo cha nyuma kiwe kimeondolewa tundu la karibu ili darubini ipite. Darubini isiyolingana na kishikizo maana yake unanunua vitu viwili tofauti kwa bei ya kimoja halisi.

Fundi_Kitako:
Ukipiga risasi za zamani za jeshi, fataki zake (viwashio vya kitakoni mwa ganda) zina klorati na zinaacha chumvi mtutuni. Mafuta hayayeyushi chumvi. Siku hiyohiyo mimina lita 2 hadi 3 za maji yanayochemka kwa faneli kupitia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), bila kulowesha mbao, kausha kwa kitambaa, ndipo upake mafuta. Na usiihifadhi ndani ya mfuko wa turubai au ngozi, unavuta unyevu.