Kibali cha utafiti wa mbwa mwitu Ruaha, Rungwa na MBOMIPA: nianzie wapi?

NyikaKavu

Wakuu, habari za leo. Ni mwanafunzi wa uzamili, Mtanzania, chuo cha umma. Andiko langu limeshapita idarani: kulinganisha chakula na mtawanyiko wa mbwa mwitu katika Hifadhi ya Taifa Ruaha, Pori la Akiba Rungwa na eneo la MBOMIPA, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori. Nitatumia kamera za kutegea 40 na kuokota vinyesi, kazi ya pori ikianza Juni hadi Oktoba. Msimamizi mwenza yuko Ujerumani na maabara ya vinasaba ni yake.

Chuo kimenipa barua ya kibali cha utafiti yenye saini ya Makamu Mkuu wa Chuo. Je, inatosha kwenda nayo Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha? Kama haitoshi, naanza na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori)? Na hivyo vinyesi vinasafirishwaje kwenda nje?

MzeeWaMiombo

Mkuu, hiyo barua ni halali, lakini haikufikishi kwenye mnyama. Vyuo vya umma vimeruhusiwa na serikali kuwapa wanafunzi na watumishi wao kibali kwa niaba ya COSTECH, na kwa utafiti wa mashuleni au sokoni wengi huishia hapo. Wanyamapori wana mratibu wao, TAWIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kwa hiyo anzia TAWIRI, Arusha. Andika kwa Mkurugenzi Mkuu kupitia kwa msimamizi wako, uambatanishe andiko kamili, barua ya chuo, wasifu wako na wa wasimamizi wote wawili, ramani, ratiba na bajeti.

Andiko husomwa na kamati inayojumuisha wenye maeneo pamoja na COSTECH. Kamati haiketi kila wiki; ukikosa kikao kimoja unasubiri kingine, na ukirudishiwa marekebisho unasubiri tena. Anayetaka kuingia porini Juni apeleke andiko mwaka unaotangulia. Ukipeleka Aprili, msimu wa kiangazi utakupita ukiwa bado mjini.

Kinachorudisha maandiko mengi ni sehemu ya mbinu. Watu huandika "kamera zitawekwa maeneo yanayofaa" halafu wanashangaa kuulizwa. Onyesha gridi, nafasi kati ya kamera na kamera, viwianishi (namba za GPS) vya kila kituo, kila kituo kinakaa siku ngapi, na kamera ngapi ziko upande wa nani. Upande wa nani ni jambo zito kwako, maana maeneo yako matatu yana wenyewe watatu. Ruaha ni ya TANAPA. Rungwa iko chini ya TAWA, makao makuu Morogoro. MBOMIPA ni ardhi ya vijiji vya Idodi na Pawaga, ina uongozi wake wa jumuiya. Barua ya mmoja haifungui geti la mwenzake.

Na hakikisha ramani yako ni ya sasa. Bonde la Usangu liliingizwa Ruaha mwaka 2008, na kipande kikubwa cha Selous kikawa Hifadhi ya Taifa Nyerere mwaka 2019. Ukitumia mipaka ya zamani unaomba ruhusa kwa asiyehusika.

Ukishapata barua ya TAWIRI, ipeleke kwa Kamishna wa Uhifadhi wa TANAPA, na nakala nyingine kwa Kamishna wa TAWA. Wao ndio watakaokutambulisha kwa mkuu wa hifadhi na kwa meneja wa pori. Kwa MBOMIPA pita ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa wa Iringa, ushuke wilayani, kisha jumuiya yenyewe na watendaji wa vijiji. Usiruke kijiji hata kama wilaya imeshasaini.

Dkt_Sampuli

Naongezea upande wa vinyesi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hukwama zikiwa zimefika mwisho.

Kwanza, sampuli isiyotajwa kwenye andiko haina kibali. Taja ni vinyesi, taja idadi ya juu utakayookota, itahifadhiwa katika nini, itakaa wapi, na itakayobaki itafanywa nini. Ukitaka kuokota na nywele, ziandike pia.

Pili, suala la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mbwa mwitu hayumo kwenye viambatisho vya mkataba huo. Tatizo ni kwamba Ruaha ina chui na duma, ambao wako Kiambatisho cha I, na simba aliye Kiambatisho cha II, na wewe hujui kinyesi ni cha nani mpaka maabara iseme. Nchi wanachama zilikubaliana kwamba kinyesi kilichookotwa tu, bila kumgusa mnyama, hakihesabiwi kama sampuli ya CITES. Nywele hazina msamaha huo: nywele moja ya chui inahitaji kibali cha kusafirisha nje na cha kuingiza kule iendako. Lakini usije ukadhani kinyesi kiko huru. Sheria yetu ya wanyamapori na ile ya afya ya mifugo bado zinakuhusu, kwa hiyo kuna ruhusa ya Idara ya Wanyamapori, cheti cha mifugo, na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na pande zote mbili kabla ya kitu chochote kuondoka.

Ndiyo maana nakushauri usisafirishe kabisa. Chakula cha mbwa mwitu unakijua kwa kuosha kinyesi kwenye chujio, kutoa nywele za mawindo na kuzilinganisha chini ya hadubini na nywele za marejeo za swala pala, tandala, digidigi na wengineo. Hilo linafanyika Morogoro. Vinasaba utavihitaji kwa swali moja tu: nani aliyekiacha kinyesi. Ndani kabisa ya hifadhi ukubwa, umbo na nyayo za kundi husaidia. Kile cha fisi hukauka kikawa cheupe kwa ajili ya mifupa. MBOMIPA ni tofauti. Kuna mbwa wa wafugaji, na kwa macho hutatenganisha kinyesi chao na cha mbwa mwitu. Hivyo pima vinasaba vya sampuli za kule, na hilo linawezekana SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) au chuo cha Nelson Mandela, Arusha. Mshirika wako wa Ujerumani alete utaalamu na vitendanishi (kemikali za vipimo), sampuli zibaki nyumbani.

Uhifadhi: kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kutoka upande wa nje wa kinyesi ambako ndiko kuna seli za aliyekiacha, kwenye chupa yenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ethanoli ikiwa mara nne ya kinyesi. Kiasi cha kutazama nywele weka kando kwenye mfuko wa karatasi, kikauke. Vaa glavu na barakoa. Kinyesi cha wala nyama huweza kuwa na mayai ya minyoo tegu yanayomdhuru binadamu vibaya sana, na ethanoli haiyaui. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa siku 4 hadi 7 kabla ya kufungua ndiyo kinga inayoeleweka. Andika hayo, maana kuna msomaji wa kamati atakayeyatafuta.

NyikaKavu

Asanteni sana wakuu. Mawili zaidi. Msimamizi mwenza anataka kuja wiki mbili za Julai kusaidia kutega kamera. Anaweza kuingia kama mtalii? Na drone ya kutafutia mapango wanamozalia, inaombwa pamoja na hivi vingine?

NjiaYaIdodi

Kama mtalii, hapana. Akigusa kamera ni mtafiti, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH kwa jina lake pamoja na kibali cha ukaazi daraja C cha Uhamiaji. Mweke kwenye andiko tangu mwanzo. Kuongeza jina baadaye ni maombi mapya.

Drone iache. Inahitaji ruhusa ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na ya Wizara ya Ulinzi juu ya ile ya hifadhi, na wewe unataka kuirusha kati ya Juni na Agosti, wakati ambao mbwa mwitu wengi wana watoto shimoni. Kundi likisumbuliwa huhamisha watoto, na hapo ndipo wanapoliwa na simba na fisi. Kwenye andiko sema wazi hutasogelea pango, na kamera hazitatazama mlango wake.

Mengine ya pori. Kushuka kwenye gari kunahitaji askari mwenye silaha, na posho na chakula chake ni juu yako kila siku. Weka bajeti hiyo pamoja na viingilio vya watu na gari. Omba karatasi ya viwango vya mwaka husika kutoka TANAPA na TAWA, maana hazifanani. Kutoka nje ya barabara na kukata majani mbele ya kamera ni ruhusa za kuandikwa, na majani lazima uyakate, la sivyo upepo utakujazia kadi picha za nyasi. Usipige misumari kwenye mti. Tumia mikanda, kamera ikae sentimita 40 hivi kutoka ardhini, na boksi la chuma, kwa sababu fisi hutafuna na tembo hung'oa. Mpe mkuu wa kanda orodha ya viwianishi kabla ya kutega. Doria ikikuta kamera isiyoijua, itaiondoa, na ina haki.

Rungwa kuna vitalu vya uwindaji na msimu huanza Julai. Zungumza na mwenye kitalu kupitia kwa meneja wa pori, kwa usalama wako na kwa ajili ya takwimu: chambo ambacho wawindaji humwekea chui huvuta wala nyama wote wa karibu, na kamera iliyo jirani nacho itakudanganya.

MBOMIPA kamera zitapiga watu. Waeleze wanakijiji mkutanoni utazifanya nini picha hizo, na kubalianeni kwa maandishi. Picha za majangili ndani ya hifadhi kabidhi kwa uongozi siku hiyo hiyo, usizisambaze popote, na viwianishi vya mapango usivichapishe hata kwenye tasnifu.

Ripoti za maendeleo zipeleke kwa wakati TAWIRI, TANAPA, TAWA na jumuiya. Kibali kina tarehe ya mwisho, na anayeomba kuongezewa muda huku anadaiwa ripoti huanza kuulizwa ripoti.