Je, "escalate" ni mtoto wa "escalade"?

Msakamaneno

Wakuu, kamusi za Kiingereza zinasema escalade ni kuvamia ngome kwa kuparamia kuta zake kwa ngazi. Kila siku tunasikia pia escalate, kwa mgogoro unaozidi kupamba moto. Wengi hueleza kwamba neno la pili limezaliwa moja kwa moja na la kwanza: askari wanapanda ukuta, vita navyo vinapanda. Ni kweli? Na kwa nini tendo la kuparamia ukuta lipewe jina lake pekee wakati shambulio ni shambulio tu?

Mzizi wa Neno

Undugu upo, ila katikati kuna ngazi ya umeme, na ukiiruka hiyo maana haieleweki.

Shina ni Kilatini scala, yaani ngazi, linalotokana na kitenzi scandere, kupanda. Kilatini cha Zama za Kati kikaunda scalare, Kiitaliano kikapata scalata, Kihispania escalada, Kifaransa escalade. Ile "e" ya mbele ni tabia ya Kihispania na Kifaransa cha kale, ambavyo havikuvumilia "s" na konsonanti nyingine mwanzoni mwa neno; ndiyo maana schola ya Kilatini ni escuela kwa Kihispania. Waingereza waliliazima kutoka Kifaransa mwishoni mwa karne ya 16, enzi ambazo istilahi za ngome kama bastion na parapet nazo zilikuwa zikiingia.

Sasa rukia mwaka 1900. Charles Seeberger, akishirikiana na kampuni ya Otis, alionyesha ngazi inayojiendesha kwenye maonyesho ya Paris na kuiita escalator, jina lililofuata umbo la elevator (lifti). Lilikuwa alama ya biashara hadi mwaka 1950, ilipoamuliwa Marekani kwamba limekwisha kuwa neno la watu wote. Kutoka jina hilo watu walikata mkia wakapata kitenzi escalate, kilichoandikwa miaka ya 1920 kwa maana ya kupanda ngazi hiyo tu. Baadaye kikaja kifungu cha mkataba kinachopandisha malipo kadiri gharama zinavyopanda, nacho kikaitwa kwa jina la ngazi hiyo. Maana ya vita kukua ilienea mwishoni mwa miaka ya 1950, watu walipokuwa wakijadili namna vita vidogo vinavyoweza kufikia silaha za nyuklia.

Maana yenyewe inathibitisha njia hiyo. Escalate ni kupanda hatua kwa hatua. Escalade haina hatua kwa hatua hata kidogo: ni ghafla, kwa mkupuo mmoja, mara nyingi usiku.

Kuta na Mahandaki

Najibu swali la pili. Ngome huingiwa kwa kuubomoa ukuta, kwa kuchimba chini yake, au kwa kupita juu, na hii ya mwisho ndiyo escalade. Njia mbili za kwanza zinadai muda na zana nzito. Ya tatu inadai ngazi, giza na vipimo sahihi, na ni vipimo vilivyoangusha wengi. Mfalme Filipo wa Tano wa Makedonia aliukosa mji wa Meliteia kwa sababu ngazi zake zilikuwa fupi. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anamlaumu vikali kwa hilo, kisha anatoa kanuni: ukuta ukiwa na urefu wa 10 kwa kipimo chochote, ngazi iwe 12, na mguu wa ngazi ukae mbali na ukuta kwa nusu ya urefu wa ngazi. Piga hesabu: ngazi ya futi 12 ikikaa futi 6 kutoka ukutani inafika futi 10.4, juu kidogo tu ya ukuta. Ukiisogeza mbali zaidi inavunjika askari wakijazana. Ukiikaribisha mno inasimama wima na kusukumwa nyuma kwa urahisi. Ikizidi sana juu ya ukuta, mlinzi anapata pa kushika.

Urefu wa ukuta unajuaje ukiwa nje? Vegetius, mwandishi Mroma wa mambo ya vita, anataja njia mbili: kufunga uzi mwembamba kwenye mshale na kuulenga juu ya ukuta, au kutumia kivuli. Simamisha fimbo ya futi 10. Kivuli chake kikiwa futi 8 na cha ukuta, saa hiyo hiyo, futi 24, ukuta ni futi 30. Ngazi yako basi ni futi 36. Watu wa Plataea, mji wa Ugiriki ya kale, walipotaka kutoroka kwa kuuvuka ukuta wa maadui waliowazingira, walihesabu safu za matofali mahali ambapo haukupigwa lipu vizuri. Walihesabu wengi kwa wakati mmoja na kurudia, ili wachache wakikosea wengi wapatie. Mbinu bora kabisa, kwa maoni yangu.

Hata vipimo vikiwa sawa, ngazi zikivunjwa hakuna askari wa nyongeza wanaoweza kupanda. Geneva, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602 kwa kalenda ya zamani, askari wa Savoy, dola jirani, walileta ngazi za vipande vya kuunganishwa, zilizopakwa rangi nyeusi. Waliotangulia waliingia, kisha mizinga ya mji ikazivunja ngazi, nao wakakwama ndani. Mji huo huadhimisha L'Escalade hadi leo.

Msakamaneno

Shukrani, wakuu. Je, scale ya samaki na ya mizani nazo ni za ukoo huu?

Mzizi wa Neno

Hapana. Gamba la samaki limepitia Kifaransa cha kale escale, chenye asili katika lugha za Kigermanik, ukoo wa Kijerumani na Kiingereza. Mizani imetoka Kinorsi, lugha ya kale ya Skandinavia: skál, bakuli. Za ukoo huu ni scale ya ramani, ya muziki, na kitenzi cha kupanda ukuta, ambacho Kiingereza kilikuwa nacho tangu karne ya 14, kabla escalade haijafika.