Wakuu, tasia nimuweke kundi gani? Nina prezentesheni keshokutwa

mdudu_wa_maktaba:
Heshima kwenu wakuu. Nimekwama kwa huyu tasia, kale kanyama ka Ufilipino, Borneo, Sumatra na Sulawesi. Notsi za lekchara zinamuweka na komba na lemuri, kitabu nilichoazima kinamuweka upande wetu sisi na kima. Nikifuata kitabu si nitakatwa maksi? Nishaurini.

komba_wa_usiku:
Fuata notsi dogo, anayesahihisha ni yeye. Na tasia anawinda usiku, taya la chini halijaungana katikati, ana kucha za kujikunia kama komba, unataka nini tena?

Mama Visukuku:
@komba_wa_usiku taya ni urithi wa zamani mno, hauthibitishi udugu wa karibu, wala kuwinda usiku hakuthibitishi. Angalia pua mwanangu, komba yake mbichi kama ya mbwa, tasia kavu kama yetu, yule mtaalamu wa wanyama Pocock alishaliona hilo 1918 akatuweka tasia, kima na sisi kundi moja, Haplorini. Halafu macho, komba ukimmulika tochi yanawaka maana nyuma ya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna kama kioo, tasia hana, ana fovea, kale kadoa ka retina ka kuona vizuri zaidi, kama sisi, ndo maana wengi wanaona mababu zake walikuwa wa mchana wakarudi usiku baadaye na kioo kilishapotea, ikabidi jicho liwe kubwa tu mpaka moja linakaribia ubongo wake. Vitamini C nayo hatengenezi, kama sisi tu.

fuvu_tupu:
Ongeza Archicebus, kisukuku cha Hubei, China, kilitangazwa 2013, miaka milioni 55 hivi, kimewekwa upande wa tasia. Maana yake njia yao na yetu zilishaachana kitambo, so usije ukasema tasia ni babu yetu. Slaidi moja weka mgawanyo wa zamani, Prosimii, yaani tasia pamoja na komba na lemuri, inayofuata Haplorini na sababu zake. Lekchara ataona notsi zake umezisoma.

mdudu_wa_maktaba:
Asanteni sana. Akisema DNA nayo iliwahi kuwagawa wataalamu?

Mama Visukuku:
Kweli, ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli, ilisumbua. Mjibu kwa vile vipande vya DNA vinavyojipachika kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mnyama, tasia na kima wanavyo sehemu zilezile na komba hana, kutokea mara mbili kwa bahati ni ngumu mno.

komba_wa_usiku:
Haya, mimi nimekaa pale. Ila kucha za kujikunia msizisahau, komba ana moja kila mguu, tasia mbili, hapo lazima aulize.