Dakika hamsini Keukenhof, halafu anasema "maua ni maua tu"! Huyu kiongozi wa msafara mnamjua

BintiNgalawa:
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule wa kofia ya bluu na kipaza sauti, anayeuza safari za meli ndogo za Uholanzi na Ubelgiji kila ikikaribia Machi kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Muscat hadi Minneapolis. Leo asubuhi kasimama langoni Keukenhof, ile bustani ya tulipu kule Lisse, Uholanzi, mbele ya watu wazima wenye akili zao, akatamka: "Tuna dakika hamsini. Maua ni maua tu, pigeni picha turudi melini."

MAUA NI MAUA TU. Langoni. Keukenhof!

Bustani ile ina hekta 32. Kila vuli vinapandwa vitunguu vya maua (si vya mboga, ni vile vinavyofukiwa ua likachipua humo) karibu milioni saba, tena kwa mkono, halafu lango linafunguliwa wiki nane tu kwa mwaka, katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Wanapanda kwa tabaka: tulipu zinazochelewa zinakaa chini kabisa, zinazowahi zinafuata juu yake, krokasi, vile viua vidogo vya mapema, juu kabisa, ili moja ikinyauka nyingine ichomoze palepale. Watu wameinamia udongo miezi mizima, na huyu bwana anakuja na kauli ile. Toa foleni ya choo, toa muda wa kumtafuta bibi aliyepotea kwenye banda la okidi, dakika hamsini zinabaki za kuchemsha yai.

Na msiniambie meli ilikuwa inaondoka. Kule hakuna kupwa na kujaa kama Forodhani. Meli imefungwa gatini nyuma ya stesheni kuu ya Amsterdam hadi usiku. Basi hadi Lisse linakula karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi kwa foleni za Aprili. Basi saa mbili, bustani dakika hamsini! Maua ni maua tu!

Mods, msiuunganishe huu na ule uzi wa mabasi.

Kibao_cha_Mbuzi:
Nimemjua kwa kofia tu. Huyohuyo ndiye anayeahidi "zulia la rangi" mashambani mwishoni mwa Aprili, watu wanafika wanakuta majani ya kijani kama mchicha. Wakulima wa Lisse na Hillegom hawauzi ua, wanauza kitunguu. Ua likishafunguka na kukaguliwa kama lina ugonjwa, mashine inapita inakata vichwa vyote, ili nguvu irudi chini kwenye kitunguu badala ya kutengeneza mbegu. Vitunguu vinachimbwa Juni na Julai. Shamba lililowaka rangi Jumatatu linaweza kuwa kipara Alhamisi. Anajua, na bado anauza!

MzeeWaGati:
Binti, unalia bure. Tiketi ya Keukenhof imeandikwa saa ya kuingia, kutoka ni hiari yako. Bustani inafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 1:30 usiku. Ungebaki. Basi namba 858 linatoka pale hadi uwanja wa ndege wa Schiphol, na treni toka Schiphol hadi Amsterdam Centraal ni kama robo saa. Mtu mzima na simu mkononi unamfuata kofia ya bluu kama kifaranga?

BintiNgalawa:
Hoja si basi, mzee. Hoja ni KAULI. Langoni! Na kipaza sauti!

Mkuu_wa_Sitaha:
Nyie mnalilia maua, vyumba vya sitaha ya chini hamvioni? Dirisha liko karibu na usawa wa maji, halifunguki, na ukikaa nyuma injini inakuimbia usiku kucha. Aprili gati hazitoshi, kwa hiyo meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu. Umelipia chumba chenye roshani, ukivuta pazia unatazamana na mtu wa meli jirani anapiga mswaki. Kabla ya kulipa, omba ramani ya vyumba, chukua sitaha ya kati au ya juu, mbali na nyuma. Kisha uliza inafungwa wapi, na iandikwe kwenye mkataba. Yule bwana hilo la kuandika hataki hata kulisikia.

Sauti_ya_Kengele:
Na Bruges, ule mji wa mifereji wa Ubelgiji, je? Anauza "Bruges kwa meli". Meli ya mita 110 inaingia wapi kwenye mifereji ile? Nyingi zinaishia mji wa Ghent, kisha basi kama kilomita 50. Vivyo hivyo Amsterdam, mifereji ya Herengracht na Prinsengracht unazunguka kwa boti fupi ya paa la kioo, meli yako haisogei gatini. Pale Bruges boti ndogo inazunguka nusu saa tu, foleni inaanza kujaa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo boti kwanza, chakula baadaye. Mnara wa kengele una ngazi 366 na hauna lifti. Anawapandisha wazee saa saba mchana wakiwa wameshiba. Huo ni ukatili.

BintiNgalawa:
Jamani, maua ni maua tu?? Hakuna anayeliona hili?

Roza_Naivasha:
Mimi ninachodai ni Aalsmeer, kwenye mnada wa maua wa Uholanzi. Waridi letu la Naivasha linapigwa mnada pale, bei inaanza juu na kushuka, anayebonyeza kwanza ndiye mwenye mzigo. Ukumbi ule ni siku za kazi tu, na ukifika saa nne asubuhi shughuli inaelekea ukingoni. Kofia ya bluu anafungua kifungua kinywa saa tatu! Abiria wa Kenya wanapita kilomita chache na maua ya kwao bila kuyaona.

Mkuu_wa_Sitaha:
Na akipanga Aprili 27 ndiyo balaa, sikukuu ya mfalme. Amsterdam nzima iko majini imevaa rangi ya chungwa, tramu za katikati hazipiti, hakuna ziara itakayokwenda.

Kibao_cha_Mbuzi:
Tuache hayo, viza ya Schengen je, ile moja inayoingia Uholanzi na Ubelgiji? Anawaambia watu waiombe ubalozi wa Ubelgiji eti ni rahisi.

MzeeWaGati:
Ndiyo maana wananyimwa. Hesabu idadi ya usiku wa kulala kila nchi. Meli ikilala Uholanzi siku nyingi kuliko Ubelgiji, maombi yanakwenda Uholanzi. Zikilingana, unaomba nchi unayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi ukinyimwa. Bima isipungue euro 30,000. Unaweza kuanza miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla ya safari, ila Machi ukisubiri hadi hapo hupati hata miadi.

Roza_Naivasha:
Miadi! Hiyo nayo inataka uzi wake. Nafasi zinafunguliwa usiku, ukiamka zimeisha zote, na kuna watu wanaziuza.

Sauti_ya_Kengele:
Ufungue basi, nina mengi ya hao wauza miadi.